Kupima umri wa eneo la kale kwa kaboni-14: mwongozo kamili kwa wanaakiolojia wa Kanda ya Ziwa

Kipimo cha kaboni-14 hujibu swali moja tu: kiumbe hiki kiliacha lini kuingiza kaboni mpya mwilini? Hakijui tanuri, chungu wala kaburi. Anayeunganisha kipande cha kaa na tanuri la kuyeyushia chuma ni wewe uliyeshika mwiko shimoni, na uunganishaji huo ukiwa mbovu, hakuna maabara duniani inayoweza kuurekebisha. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu udongo, mizizi na foili, na sehemu ndogo tu inahusu mashine.

Umeandikwa kwa anayechimbua Mwanza, Ukerewe, Sengerema, Geita, Kagera au popote kando ya Ziwa Victoria, na ambaye bajeti yake inaruhusu sampuli chache. Mwenye sampuli tano ana sababu zaidi ya kuchagua vizuri kuliko mwenye hamsini.

Kinachopimwa

Mionzi kutoka anga za juu hugonga hewa na kugeuza sehemu ndogo ya naitrojeni kuwa kaboni-14. Kaboni hiyo huungana na oksijeni, huingia kwenye mimea, kisha kwa wanyama wanaokula mimea. Ni kidogo mno: takriban atomu moja katika kila atomu trilioni moja za kaboni. Kiumbe kikifa, kaboni-14 iliyomo huanza kupungua bila kujazwa. Nusu yake huisha kwa miaka 5,730, nusu ya iliyobaki huisha kwa miaka mingine 5,730, na kuendelea hivyo. Baada ya miaka 50,000 hivi hubaki chini ya asilimia 0.3, na hapo ndipo uwezo wa kipimo unapokoma. Njia hii ilibuniwa na Willard Libby na wenzake Chicago, matokeo ya kwanza yakatangazwa 1949, naye akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1960.

Kwa Kanda ya Ziwa, karibu kila tunachokitafuta kimo ndani ya uwezo huo. Vyungu vya Kansyore vya wavuvi na wawindaji, vyungu vya Urewe vya mwanzo wa zama za chuma na matanuri ya chuma yanayoandamana navyo, mahame ya karne za karibuni: vyote vinapimika. Hata kukauka kwa Ziwa Victoria mwishoni mwa zama za barafu, kabla halijajaa tena zaidi ya miaka 14,000 iliyopita, kulithibitishwa kwa kaboni-14 kutoka kwenye tope la chini ya ziwa.

Vibali kwanza

Usichimbue bila leseni ya Idara ya Mambo ya Kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na marekebisho yake ya 1979, inalinda maeneo na vitu vya kale, na kuchimba bila leseni ni kosa hata kama shamba ni la babu yako. Mtafiti anahitaji pia kibali cha utafiti cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania. Sampuli zikienda nje ya nchi, na kwa kipimo hiki karibu zote huenda, omba kibali cha kuzisafirisha mapema, wakati bado unachimbua. Maombi yakisubiri mwisho wa msimu, sampuli hukaa kabatini miezi na kuota ukungu.

Kisha andika swali lako kwa sentensi moja, kwa mfano: “Tanuri hili liliwashwa mara ya mwisho lini?” Swali kama “eneo hili lina umri gani” halipimiki, kwa kuwa eneo moja linaweza kukaliwa, kuachwa na kukaliwa tena mara nyingi.

Uchaguzi wa sampuli

Hapa ndipo tarehe nyingi mbaya huzaliwa.

Makaa ya mti ni sampuli inayopatikana kwa wingi kuliko zote, na ndiyo inayodanganya zaidi. Kila mwaka mti huongeza mduara mpya kwa nje, na mduara wa ndani huacha kupokea kaboni mpya. Mvule wa miaka 200 ukikatwa na kuchomwa, kaa la kiini chake litakuwa na umri wa miaka 200 siku ileile ya kuchomwa. Ongeza na uwezekano kwamba mti ulikuwa umelala mkavu miaka mingi, au ulikuwa nguzo ya nyumba kabla ya kufanywa kuni. Wayeyushaji chuma walipenda miti migumu, kwa hiyo kwenye matanuri tatizo hili ni kubwa zaidi. Baadhi ya tarehe za mapema za chuma kutoka Katuruka, Kagera, alikochimbua Peter Schmidt kuanzia miaka ya 1970, zilibishaniwa na wataalamu kwa muda mrefu, na moja ya hoja ilikuwa uhusiano wa makaa na tukio lenyewe.

Tiba yake ni kutafuta kitu kilichoishi muda mfupi. Cha kwanza ni punje iliyoungua: mtama, ulezi, kunde. Punje ni ya msimu mmoja. Cha pili ni kijiti chembamba chenye gome bado, chenye kipenyo cha chini ya sentimita 1. Cha tatu, kwa matanuri, ni majani na matete yaliyoungua. Wafua chuma wa Buhaya walijaza shimo la tanuri manyasi ya bwawani yaliyochomwa, na vipande vyake hukutwa vimenaswa ndani ya mavi ya chuma, yaani taka zinazobaki chuma kikiyeyushwa. Hii ni sampuli bora kuliko zote katika tanuri: ni ya mwaka mmoja, na imefungwa ndani ya mavi ya chuma yaliyoganda, mahali ambapo panya wala mzizi hauwezi kuihamisha. Pasua mavi hayo kwa nyundo na patasi safi juu ya foili, uchukue kilichomo.

Kama huna ila makaa ya mti, mpelekee mtaalamu wa kutambua miti kwa darubini kabla ya kupeleka maabara. Atakuambia kama ni kijiti au shina, na kama ni kichaka cha miaka kumi au mti wa karne mbili. Kipande kilichopimwa hakirudi, kwa hiyo utambuzi hutangulia.

Mfupa hupimwa kupitia kolajeni, ile protini iliyomo ndani yake. Kwenye udongo wa kichanga uliotokana na mawe ya matale (graniti) ya Mwanza, wenye asidi na joto, kolajeni huisha upesi. Usitumie pesa kabla ya kuupima mfupa kwanza: naitrojeni ikiwa chini ya asilimia 0.7 hivi, achana nao. Maabara ikishatoa kolajeni, uliza mambo mawili: kiasi kilichopatikana kisipungue asilimia 1 ya uzito wa mfupa, na uwiano wa kaboni kwa naitrojeni uwe kati ya 2.9 na 3.6. Nje ya hapo, hicho si kolajeni safi. Mifupa ya watu ni jambo la ukoo na la kijiji kabla halijawa la maabara. Zungumza na wazee, na kama kuna punje kwenye tabaka lilelile, pima punje.

Ukoko wa chakula ndani ya kigae huvutia, kwa sababu unakipa chungu chenyewe tarehe. Lakini tofautisha ukoko wa ndani na masizi ya nje. Masizi yanatokana na kuni, kwa hiyo yanarithi tatizo la mti mzee. Ukoko unatokana na chakula, na kando ya ziwa chakula mara nyingi kilikuwa samaki.

Samaki na makombe yana kasoro yake. Kaboni ya majini huweza kuwa nzee kuliko ya hewani, kwa sababu maji hubeba kaboni kutoka kwenye miamba ya chokaa, tope na chemchemi. Samaki, kombe na mtu aliyekula samaki sana hutoa tarehe iliyozidi umri. Nchi ya matale haina chokaa nyingi kwenye miamba yake, kwa hiyo kosa huenda likawa dogo kuliko kwenye maziwa mengine, ila “huenda” haiandikwi kwenye ripoti. Pima jozi: kombe na punje kutoka tabaka lilelile lililofungwa vizuri. Tofauti yao ndiyo marekebisho yako. Njia nyingine ni kupima makombe ya makumbusho yaliyookotwa kabla ya 1955, yenye mwaka unaojulikana. Ya baadaye hayafai, kwa sababu majaribio ya silaha za nyuklia yalijaza hewa kaboni-14 hadi kilele cha 1963, ikawa karibu mara mbili ya kiasi cha kawaida katika nusu ya kaskazini ya dunia.

Magamba ya konokono wa nchi kavu yaepuke kabisa penye udongo wa ibushi (wenye chokaa) au wenye vinundu vya chokaa. Konokono hula chokaa ya zamani na kuijengea nyumba yake.

Udongo unavyodanganya

Kwenye mteremko wa Usukuma, juu kabisa unakuta matale, chini yake luseni yenye mchanga, kisha udongo mzito unaoishia kwenye mbuga, ule udongo mweusi wa bondeni. Kila mmoja una hila yake.

Luseni hupitisha maji na wadudu kwa urahisi. Mchwa hupandisha udongo na kushusha vipande vidogo. Panya na nungunungu huchimba. Ukiona duara la udongo wa rangi tofauti, laini kuliko wa pembeni, hilo ni tundu la mnyama: lichore, lichimbue peke yake, na usichukue sampuli ndani yake wala sentimita 10 kuzunguka.

Mbuga ni mbaya zaidi. Kiangazi hupasuka nyufa zinazoweza kupita mita moja, makaa ya shamba lililochomwa mwaka jana yakatumbukia hadi tabaka la Urewe, kisha masika nyufa zikajifunga bila kuacha alama. Kwenye mbuga usiamini kipande cha kaa kilichotawanyika hata kimoja. Chukua tu kilichofungwa: ndani ya chungu kizima, chini ya sakafu iliyoungua, ndani ya mavi ya chuma.

Ufukweni kuna jambo la tatu. Kati ya 1961 na 1964 ziwa lilipanda zaidi ya mita 2, likakoroga fukwe nyingi na kuacha takataka za wakati huo juu ya tabaka za kale au katikati yake. Sampuli ikija na kaboni-14 iliyozidi kiasi cha mwaka 1950, jua ni ya miaka ya kati ya 1950 au baadaye. Jibu la namna hiyo lina faida: limekuonyesha tabaka lililokorogwa.

Chini ya vivuli vya mawe, kama vile vya Mwanza vilivyotoa vyungu vya Kansyore, tazama moto wa wachungaji. Watu wamewasha moto hapo tangu zamani hadi wiki iliyopita, na majivu hupeperuka.

Kuchukua sampuli

Andaa kabla hujashuka shimoni: mwiko wa chuma na koleo ndogo zilizosafishwa, foili ya alumini, mifuko ya plastiki yenye zipu, penseli, kamera, kipimo cha picha, na mizani inayosoma hadi gramu 0.01.

Kwanza piga picha kitu kikiwa mahali pake, na kipimo na mshale wa kaskazini vikionekana. Pima kina kutoka kwenye alama yako ya kudumu. Usipime kutoka juu ya ardhi, ambayo hubadilika. Chora mahali pake kwenye mchoro wa ukuta.

Inua kwa ncha ya mwiko au koleo, usiguse kwa mkono. Mafuta ya kujipaka, jasho na majivu ya sigara yote yana kaboni. Weka kwenye foili moja kwa moja, kunja, kisha tia ndani ya mfuko. Karatasi ya maelezo ikae kwenye mfuko wa pili wa nje, isiguse sampuli. Usifungie kwa pamba wala karatasi ya chooni.

Usipake gundi wala dawa ya kuimarisha. Gundi nyingi za viwandani hutokana na mafuta ya petroli, ambayo kaboni-14 yake iliisha zamani sana. Asilimia 1 ya kaboni iliyokufa huongeza miaka 80 kwa sampuli ya umri wowote. Asilimia 5 huongeza zaidi ya miaka 400. Moshi wa koroboi na mvuke wa petroli kwenye mtumbwi wa injini viko kundi moja. Kaboni mpya, kama mizizi na ukungu, hufanya kinyume: huipunguzia sampuli miaka, na madhara hukua kadiri sampuli ilivyo nzee. Asilimia 1 ya kaboni ya kisasa hupunguza miaka kama 20 kwenye sampuli ya miaka 2,000, miaka 70 kwenye ya miaka 5,000, na kuifanya sampuli isiyo na kaboni-14 yoyote ionekane ya miaka 37,000.

Kiasi: mashine ya kuharakisha atomu, inayojulikana kama AMS, huhitaji miligramu 1 tu ya kaboni safi, ila usafishaji hula nusu ya kaa au zaidi. Peleka kaa lisilopungua miligramu 20, afadhali 50 au 100. Punje moja nzima ya miligramu 10 mara nyingi inatosha. Mfupa mgumu, gramu 2 hadi 5. Kombe, miligramu 50. Kamwe usikusanye vipande vidogo kumi vya tabaka moja kuwa sampuli moja: ukipata wastani wa cha jana na cha miaka 3,000, umepata tarehe ya jambo ambalo halikutokea.

Kausha kivulini siku hiyohiyo, foili ikiwa wazi kidogo, mbali na jiko. Sampuli mbichi ndani ya plastiki huota ukungu kwa siku chache katika unyevu wa ziwani.

Punje hazionekani kwa macho shimoni, kwa hiyo zifanye zielee majini. Chukua ndoo ya lita 20 ya udongo kutoka kila tabaka, mimina taratibu kwenye pipa la lita 200 la maji, koroga kwa mkono, na upitishe vinavyoelea kwenye chekeche la nusu milimita au dogo zaidi. Maji ya ziwa yachuje kwanza kwa kitambaa kizito, maana yana mwani na mbegu hai. Osha pipa na chekeche kila baada ya tabaka, kwa sababu punje moja iliyobaki inatosha kuharibu tabaka linalofuata. Punje isiyoungua ni ya kisasa, hata ikitoka chini kiasi gani, iondoe.

Idadi: sampuli moja haitoshi kuwa tarehe ya eneo. Pima angalau mbili kwa kila tukio, tatu ikiwezekana, za aina tofauti. Gharama ya kila kipimo kwa kawaida ni dola mia kadhaa za Marekani, kwa hiyo afadhali tukio moja lililopimwa mara tatu kuliko matatu yaliyopimwa mara moja moja.

Maabarani

Afrika Kusini kuna mashine ya AMS iThemba LABS, Johannesburg. Nyingine ziko Ulaya na Marekani. Makaa huoshwa kwa asidi ya haidrokloriki ya moto kuondoa chokaa, kisha kwa soda kali kuondoa tindikali za udongo zilizoshuka na maji, kisha asidi tena kuondoa kaboni ya hewani iliyonaswa na soda. Sampuli dhaifu inaweza kuyeyuka yote kwenye soda. Waambie wakupigie kabla ya kuendelea, usije ukapewa tarehe ya mabaki yasiyojulikana. Baada ya hapo huchomwa kuwa gesi, gesi hugeuzwa kuwa grafiti juu ya unga wa chuma, na mashine huhesabu atomu.

Jaza fomu kwa ukweli wote: kina, tabaka, mizizi uliyoiona, umri unaoutarajia. Kuficha umri unaotarajiwa hakuongezi uaminifu wa kipimo. Maabara huitumia kupanga sampuli yako isikae jirani na ya kisasa kabisa.

Sisitiza upate kipimo cha kaboni-13, aina ya kaboni isiyopungua kwa muda. Mtama, ulezi, mahindi na mafunjo hujenga kaboni kwa njia tofauti na miti, na bila marekebisho punje ya mtama huonekana changa kwa takriban miaka 200. Maabara nzuri hurekebisha yenyewe hadi kiwango cha −25 kwa elfu, lakini hakikisha imeandikwa.

Kusoma jibu

Jibu huja kama 1,790 ± 30 BP. Hiyo si kalenda. Ni miaka ya kaboni-14 kabla ya 1950, iliyokokotolewa kwa nusu-uhai (muda wa nusu ya kaboni-14 kuisha) ya zamani ya Libby ya miaka 5,568 badala ya 5,730, ambayo imeendelea kutumika kwa makubaliano ili majibu ya zamani na mapya yalinganike. Usitoe 1,790 kwenye 1950 na kuandika “mwaka 160 BK”. Kaboni-14 ya hewani haikuwa sawa kila karne, kwa hiyo lazima jibu lipitishwe kwenye mkunjo wa usawazishaji, yaani grafu inayogeuza miaka ya kaboni-14 kuwa miaka ya kalenda.

Programu ya OxCal ni ya bure na hutumika mtandaoni; ingiza kwa amri ya R_Date. Mkunjo gani? Mwanza iko kusini mwa ikweta kama nyuzi 2.5, ila pepo za kaskazini na za kusini hupokezana hapa kwa msimu. IntCal20 ni wa kaskazini, SHCal20 ni wa kusini. Hewa ya kusini hutoa umri uliozidi kwa wastani wa miaka 36. Tunashauri mchanganyiko wa yote miwili kwa amri ya Mix_Curves, na kujaribu pia kila mmoja peke yake kuona kama hoja yako inabadilika. Ikibadilika, hoja ilikuwa dhaifu.

Kabla ya kuunganisha majibu, yapime kama yanakubaliana. Chukua 1,720 ± 30 na 1,790 ± 30: tofauti ni 70, kosa la pamoja ni 42, uwiano wake ukizidishwa kwa wenyewe ni 2.7, chini ya kikomo cha 3.84 kwa majibu mawili. Yanakubaliana. Likija la tatu la 1,960 ± 30 halikubaliani, na usilitupe kimyakimya. Rudi kwenye daftari: lilikuwa shina? Lilitoka karibu na tundu? Likibaki bila maelezo, lichapishwe pamoja na mengine.

Kwa watafiti wa Urewe kuna kikwazo kisichotoka maabara. Kati ya takriban 800 na 400 KK mkunjo ni bapa, na jibu la 2,450 ± 30 BP hutandaa karibu kutoka 750 hadi 400 KK. Kupunguza kosa hadi ± 20 hakusaidii sana. Kinachosaidia ni mfuatano: sampuli za tabaka tatu au nne zilizolaliana bila shaka, zikiingizwa OxCal kwa mpangilio wake, ili programu itumie kanuni kwamba ya chini ni nzee. Kipimo cha OxCal cha ukubaliano wa majibu na mpangilio huo kikishuka chini ya asilimia 60, ama mpangilio wako wa tabaka una kosa au kuna sampuli iliyohama.

Kuandika matokeo

Andika namba ya maabara, aina ya sampuli na jina la mmea kama linajulikana, tabaka, namna ilivyosafishwa, jibu la BP na kosa lake, kaboni-13, mkunjo, toleo la programu, na masafa ya miaka ya kalenda yenye uwezekano wa asilimia 95.4. Masafa yote, hata yakiwa mafungu mawili. Kuchagua katikati ya masafa na kuiita tarehe ni kosa la kawaida, na ndilo linalofanya matanuri mawili ya wakati mmoja yaonekane yamepishana karne.

Jibu la BP liandikwe daima, kwa kuwa mikunjo hubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa na msomaji wa kesho atahitaji kusawazisha upya. Nusu ya sampuli, kama ilikuwa kubwa, ibaki kwenye foili yake pamoja na daftari na michoro, ikabidhiwe mahali leseni yako inapoelekeza.